Uwanja wa Mbele

Jeneza la mwanangu liliingia mlangoni bila kugusa popote. Vijana waliolibeba hawakuhitaji kuliinamisha, wala kuambiana kushoto kidogo, kulia kidogo. Walivuka kizingiti wakiwa wamenyooka, wakatembea mwendo wao wa kawaida, wakalishusha katikati ya sebule, chini ya taa ambayo Nelson mwenyewe aliichagua dukani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye godoro na wanawake wenzangu, mgongo ukutani. Niliutazama ule mlango, mbawa zote mbili zimefunguliwa mpaka mwisho, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, kabla hata ya machozi, lilikuwa hili: Jairo alipima vizuri.

Nasema kama ilivyokuwa. Umri wangu hauna faida nyingi, ila hii moja ninayo, kwamba sina tena wa kumpambia maneno.

Jina langu Atuganile. Nilifundisha darasa la kwanza hapa Nkunga mpaka nikastaafu. Nusu ya watu wazima wa kata hii walishika penseli kwa mara ya kwanza mbele yangu, na sasa wao ndio wananishika mkono kunivusha kwenye utelezi. Mume wangu, Yona, alikuwa mkulima wa chai na ndizi, mtu wa maneno machache na kofia moja. Watoto walikuja, wengine wakaondoka wangali wachanga. Akabaki Nelson. Tukamsomesha, akasoma, akapata kazi ya ofisini Dar es Salaam, akamwoa Aika, binti wa Kichaga mwenye adabu zake, na mambo yakaenda kama yanavyokwenda kwa watu waliobahatika. Yaani mtoto akawa sauti ya kwenye simu.

Yona alifariki mwezi wa tatu, wakati mvua ya huku haina mazungumzo na mtu. Nyumba yetu ya zamani ina mlango mmoja wa ubao na korido yenye kona. Nelson alinunua jeneza Mbeya mjini, lile linalong'aa, lenye vishikio vya rangi ya dhahabu, maana alitaka baba yake aondoke kwa heshima. Halikupita kwenye kona. Wakajaribu hivi, wakajaribu vile, mwisho wakalisimamisha wima. Tukasikia kichwa cha Yona kikigonga ubao. Mara moja tu. Wanawake waliokuwa wanalia wakanyamaza wote kwa pamoja, na huko nje watu walikuwa wamejibanza chini ya migomba, sahani za wali mkononi, mvua inawanyeshea mpaka ndani ya chakula. Nelson alisimama ukumbini na watu wa ofisini kwake waliotoka Dar, na wakwe zake waliotoka Moshi. Niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtoto aliyejikojolea mbele ya darasa.

Mwaka uliofuata akaanza kujenga. Mimi sikuyaunganisha hayo mawili. Mwalimu mzima.

Uzee haubishi hodi, ndugu yangu. Unauona kwa watu. Kwanza wanaanza kukusalimia kwa sauti kubwa, hata wale unaowasikia vizuri sana. Halafu wanaacha kukuuliza wewe, wanamuuliza aliyekaa pembeni yako, "Bibi anakula lakini?" na wewe upo hapo mdomo umejaa. Hospitalini Tukuyu unapeleka goti, unapeleka jicho, unapeleka sikio, jibu ni hilo hilo, ni umri, mama. Aika alipokuja likizo alinivalisha kitenge kipya, akanikalisha barazani penye mwanga, akanipiga picha kwa simu yake. "Tabasamu kidogo, mama. Hapana, isiwe sana." Nikajiuliza ni picha gani hiyo ambayo mtu hatakiwi kutabasamu sana. Baadaye ikaja imewekwa kwenye fremu kubwa, ikafungwa kwenye karatasi, ikahifadhiwa juu ya kabati. Sijawahi kuona picha ya mtu aliye hai ikihifadhiwa juu ya kabati.

Na simu. Zamani Nelson akipiga alikuwa anauliza mvua, anauliza ng'ombe, nani kaoa, nani kagombana na nani kwenye kwaya. Miaka ikaenda, maswali yakapungua mpaka likabaki moja. "Presha vipi, mama?" Nikisema nzuri, anashukuru Mungu, simu inakatika. Basi nikajifunza ujanja. Nikawa nasema leo imepanda kidogo. Hapo mwanangu atakaa kwenye simu, atauliza nimekula nini, nimelalaje, dawa nimemeza saa ngapi, na mimi nitaisikiliza sauti yake huku nimetulia tuli, presha yangu iko sawasawa na ya msichana.

Matarajio nayo yanakonda. Ukiwa kijana unataka dunia yote, ukiwa mama unataka watoto wapone, na ukifika huku yanabaki membamba kama kipande cha sabuni cha mwisho, unakishika kwa uangalifu kisikuponyoke. Changu kilikuwa hiki: nilitaka kumsikia mwanangu akikohoa upande wa pili wa ukuta. Yona kila alfajiri alikuwa akikohoa kabla ya kuamka, kikohozi cha kusafisha koo tu, nami nikawa najua kumekucha na nyumba ina watu. Tangu aondoke, asubuhi zangu zinaanzishwa na mvua juu ya bati. Sikuhitaji pesa za Nelson wala blanketi zake. Nilihitaji akohoe.

Kwa hiyo nyumba ilipoanza kupanda pale chini ya nyumba yetu ya zamani, ulitaka nielewe nini? Mwanangu alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Anajenga nyumbani. Anarudi.

Fundi alikuwa Jairo, kijana wa hapa hapa, mwanafunzi wangu. Kila siku nilishuka na fimbo yangu kukagua. Msingi ukatoka mkubwa, sebule ikawa kama kanisa la mtaa. Siku waliyoweka fremu ya mlango nikasimama katikati yake, nikanyoosha mikono, sikugusa huku wala huku.

"Jairo, mnataka kuingiza trekta humu?"

"Ramani ndiyo inavyosema, mwalimu," akajibu, akatazama vidole vyake vya miguu.

Nilimjua Jairo tangu hajaota meno ya pili. Akidanganya hutazama vidole vya miguu. Niliona, lakini macho yanaona kile moyo unachokitaka. Korido ilikuwa imenyooka moja kwa moja, hakuna kona. Nikasema vizuri, watoto watakimbia humo. Nyuma wakachimba vyoo vya nje, vimepangana kama vya shule. Nikasema Nelson ana marafiki wengi. Pembeni wakasimamisha banda la kupikia lisilo na kuta, na bomba la maji pale pale, mafiga yake makubwa ya kubebea masufuria ya shughuli. Nikasema mwanangu atakuwa mtu wa kukaribisha. Kwenye umoja wa wanawake kanisani nikawatangazia, Nelson anarudi nyumbani. Tulinagwe, jirani yangu na mwenzangu tangu tukiwa wasichana, aliguna kidogo, lakini yeye huguna hata akishiba.

Mbele ya nyumba waliacha uwanja. Walisawazisha udongo, wakaushindilia, wakautandazia kokoto ndogo kuanzia barazani mpaka barabarani. Uwanja mtupu, mweupe. Wewe kama si wa huku hutaelewa jinsi ulivyoniumiza macho. Kwetu nyumba haisimami uchi. Nyumba isiyozungukwa na migomba ni ghala. Mgeni akipita anauliza wenyewe walihama lini. Nikaona mafundi wa siku hizi hawajui, na Nelson amekaa mjini mno, amesahau. Mvua za kwanza ziliposhuka nikaenda kwa Tulinagwe nikamwomba miche ya ndizi za kupika, ile myema, yenye majani membamba kama upanga. Nikachimba mashimo taratibu, goti likilalamika, nikatia samadi, nikapanda uwanja mzima mpaka karibu na ngazi za baraza. Yote ikashika. Kufikia Desemba ilikuwa inanifika kiunoni, na nilikuwa nakaa kuitazama kama mtu anayetazama ugali unavyoiva.

Nelson akaja Krismasi na Aika. Gari halikupata pa kuegesha, wakaliacha barabarani. Alipanda barazani, akageuka, akasimama mikono kiunoni.

"Mama, migomba hii kapanda nani?"

"Mimi. Ukija kustaafu utakuta inazaa."

Hakucheka. Aliutazama uwanja kuanzia huku mpaka kule, midomo yake ikicheza kidogo, kama mtu anayepanga viti kichwani.

"Sasa hapa watu watakaa wapi?"

"Watu gani?"

Aika akainuka upesi akasema chai imeiva, na hakuna aliyekuwa amebandika chai.

Nimeona watoto wengi wakisoma neno lao la kwanza. Kidole kinapita juu ya silabi moja moja, mdomo unanong'ona, halafu ghafla neno zima linatoka na mtoto anashtuka kulisikia. Ndivyo nilivyokuwa pale barazani, mimi mwalimu wao. Mlango. Korido isiyo na kona. Vyoo vya nje. Banda la masufuria. Picha juu ya kabati. Uwanja. Kidole kikafika mwisho, na neno likatoka.

Nilikunywa hiyo chai ilipopatikana. Nilihisi aibu, na mpaka leo sijui aibu ile ilikuwa ya nini, kama ya mtu aliyevaa nguo ya harusi akaenda kumbe hakualikwa.

Asubuhi yake nikachukua jembe nikaanza kung'oa. Nelson alitoka amevaa gambuti za marehemu baba yake, zilimkaa sawasawa.

"Acha, mama. Jairo atakuja kuing'oa."

"Niliyepanda ni mimi."

Akalichukua jembe mkononi mwangu. Hakuwa amelima miaka mingi, alikuwa anapiga pembeni ya shina, anakata mizizi vibaya. Tukafanya hivyo muda mrefu, yeye akichimbua, mimi nikivuta, tukiirundika nyuma ya banda. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, na barabara haikuonekana.

"Siku ya baba," akasema bila kuniangalia, "ulisikia?"

"Nilisikia."

"Watu wa ofisini walisikia. Wakwe zangu walisikia. Mimi nasikia mpaka leo nikiwa kwenye lifti, mlango ukigonga tu, nasikia. Nikaapa mama yangu hatagongwa. Na hakuna mtu atakula kwenye mvua."

Utamwambia nini mtu wa namna hiyo? Nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kumkumbatia, na mikono yangu ilikuwa na tope. Mwanangu alikuwa amenijengea nyumba kwa upendo wote aliokuwa nao. Ila alinijengea ya siku moja.

"Siku hiyo mimi sitasikia kitu, Nelson. Nasikia sasa hivi. Utarudi lini kukaa?"

"Aika hawezi baridi ya huku, mama. Halafu watoto wako kule. Nitakuwa nakuja."

"Kukaa. Sijasema kuja."

Akasafisha jembe kwa kidole gumba, polepole, upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Presha yako vipi lakini siku hizi?"

Nikamwambia imepanda kidogo.

Alipoondoka aliniachia ufunguo, akanihimiza nihamie kwenye nyumba kubwa. Nilijaribu. Makochi bado yalikuwa na nailoni, ukikaa yanapiga kelele kama unayaumiza. Vigae vya sakafu vilikuwa baridi na vinateleza. Nilikohoa, kikohozi changu kikatoka sebuleni, kikazunguka, kikanirudia. Kesho yake nikapanda kurudi kwenye nyumba yangu ya kona, kwenye moto wangu wa kuni, na Tulinagwe hakuniuliza. Aliguna tu.

Mwaka jana mwezi wa saba, ule wa baridi inayoingia kwenye mifupa, simu ikaita mchana nikiwa namenya ndizi. Nikaona jina la Nelson. Nikapokea nikicheka, nikaanza mimi kabla hajauliza, "Haya, leo imepanda kidogo."

Alikuwa Aika. Alikuwa analia, akisema mama, mama, halafu maneno yakawa hayatoki. Akaja mwanamume mwingine kwenye simu, jirani yao, akaniambia kwa Kiswahili kizuri, cha taratibu. Nelson alianguka bafuni. Presha. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka. Kumbe alikuwa nayo muda mrefu na hakuijua. Miaka yote aliuliza ya kwangu.

Sikumbuki nilivyoiweka simu. Nakumbuka ndizi zilibadilika rangi kwenye beseni na hakuna aliyeziondoa.

Basi wakamleta. Na kila kitu kikaenda sawa, hapo ndipo paliponikata. Maturubai yalienea uwanjani bila kamba kugusana. Magari yalipata nafasi. Masufuria yalichemka bandani, maji yalitoka bombani, hakuna mtu aliyetafuta choo. Ilinyesha, na hakuna aliyelowa. Watu walipita kunishika mkono wakasema alijiandalia, masikini, kumbe alijiandalia. Wengine wakasema msiba umependeza, kwa nia njema kabisa. Picha tu ndiyo haikuwepo. Yangu ilikuwa tayari juu ya kabati, kwenye fremu yake. Ya Nelson walikwenda kuikuza kutoka kwenye kitambulisho cha kazi, ikatoka na ukungu, akionekana kama mtu anayeuliza swali.

Alilala sebuleni usiku mmoja kabla ya kuzikwa. Wanawake walitaka nikapumzike, wakanilaza chumba cha pembeni. Mimi na mwanangu, kwa mara ya kwanza, ndani ya nyumba ile pamoja, na ukuta katikati yetu. Nililala macho wazi, nikasikiliza.

Tulimzika karibu na Yona. Wajukuu zangu walisimama kaburini wamevaa nguo nyeusi za kupendeza, hawajui waweke wapi mikono. Niliwasalimia Kinyakyusa, wakatabasamu kwa adabu. Siwalaumu, nani angewafundisha? Aika alikaa mpaka siku ya kuanua matanga. Siku ya kuondoka alinikumbatia kwa muda mrefu, akasema, "Tutakuja, mama." Nikamwambia sawa, mwanangu. Aliitazama nyumba kupitia kioo cha gari mpaka kona ikaimeza. Tangu hapo amepiga mara chache, ni mtu mwema. Huuliza presha.

Mvua za mwaka huu zimeanza mapema. Wiki iliyopita nilimwomba Tulinagwe miche tena, nikaenda kwenye ule uwanja na jembe. Kokoto zimekuwa ngumu, na mimi nimekuwa dhaifu zaidi, shimo moja linanichukua asubuhi nzima. Nilikuwa nimeanzia kwenye ngazi za baraza, narudi nyuma kidogo kidogo kuelekea barabarani, Tulinagwe akatokea na kikapu chake kichwani. Alikuwa anatoka Kyimo gulioni. Akasimama, akatazama mashimo, akatazama nyumba, akatazama mashimo.

"Ugonile, Atuganile," akanisalimia.

"Ndaga."

"Sasa siku yako turubai watafunga wapi? Watu watakaa wapi?"

Nikaegemea jembe. Jengo lilikuwa nyuma yangu na mlango wake mpana, umefungwa.

"Watu gani?" nikamuuliza.

Hakuguna. Alishusha kikapu pembeni ya barabara, akajifunga kanga kiunoni, akaja. Akaushika mche ukasimama wima, nami nikarudishia udongo, nikaushindilia kwa mguu.